Ulimi Wangu na Sabuni Nyekundu

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Lemara, Arusha, aliniita nikaone jinsi wanawake wa kikundi chao wanavyotengeneza sabuni. Walikuwa wamekaa uani na ndoo zao, wanataniana, wana furaha yao. Mmoja akamimina kostiki kwenye maji, ile chumvi nyeupe kali ya kutengenezea sabuni, na maji yakapata moto yenyewe bila jiko. Mvuke wake uliponifika puani, mate yakanijaa mdomoni. Si mate ya hamu. Ni yale yanayotangulia mtu anapotaka kutapika. Nikawaambia nimeacha chungu motoni, nikaondoka. Sikuwa nimeacha chungu chochote. Nilikwenda kukaa kitandani, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nimejiziba mdomo kwa kiganja.

Haya nayaandika mwenyewe, na niliishia darasa la pili, kwa hiyo mnivumilie. Kwa nini niliishia hapo mtaona mbele. Majina nitayataja. Najua wapo watu wa kwetu watakaosema niwaache marehemu wapumzike. Mimi nilisemwa nikiwa na miaka tisa, nimesimama mbele yao, na hakuna hata mmoja wao aliyekohoa.

Ilikuwa wakati wa vita ya Hitla, Mwingereza akitawala. Baba alichukuliwa uaskari akapelekwa Bama, nchi ambayo sisi tuliijua kwa jina tu. Tulibaki mama na mimi kwenye kihamba chetu cha kahawa na migomba, huko Meru juu ya Kikatiti. Mama hakuwa na mtoto wa kiume. Kumbukeni hilo, maana watu wote wa ukoo walilikumbuka.

Sabuni ya dukani ilipotea. Watu walifua kwa majivu ya maganda ya ndizi, nguo zikawa na rangi ya moshi, na Jumapili kanisani tulinuka kama jiko lililozimwa. Hapo ndipo shangazi yangu Elirehema, dada mkubwa wa baba, alipohamia kwetu na mumewe Yakobo. Walisema wamekuja kutuangalia. Walichoangalia ni kihamba.

Yakobo alikuwa mpishi kwa mzungu mmoja wa shamba la kahawa kule bondeni. Mke wa mzungu yule alikuwa akijitengenezea sabuni kwa sababu ya shida ya vita, na Yakobo alikuwa akimshikia mwiko. Akajifunza kwa macho. Kostiki yenyewe aliiiba, kidogo kidogo, ndani ya kopo la chai. Miaka yote watu walimwita fundi. Alikuwa mwizi mwenye kumbukumbu nzuri.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Waliyeyusha mafuta ya ng'ombe na ya mkia wa kondoo, wakayachuja kwa kitambaa, wakayaacha yapoe mpaka kidole kiweze kukaa ndani. Kostiki ilitiwa kwenye maji ndani ya chungu, nayo ikaachwa ipoe. Kisha vikachanganywa bila moto wowote, na mama akakoroga, upande mmoja tu, mkono ukichoka unabadili mkono na si upande. Ilipokuwa nzito kama uji, ukiinua mwiko ule mchirizi unabaki juu hauzami, ndipo rangi ilipotiwa. Rangi ilikuwa manjano, ile ile ya pilau, ambayo shangazi aliinunua Arusha mjini kwa Bibi Mwanaidi, mama wa Kiislamu aliyeuza viungo barazani kwake. Uji ule mweupe ulikuwa ukipokea manjano unageuka mwekundu. Mara ya kwanza niliona kama muujiza. Unatia unga wa njano, unapata rangi ya udongo wetu baada ya mvua. Tuliimimina kwenye maganda ya mgomba yaliyokunjwa kama mfereji, na siku ya pili yake shangazi akaikata vipande kwa uzi.

Sasa, sabuni ya namna hiyo haifai kutumiwa hapo hapo. Kostiki bado iko macho ndani yake, inataka wiki nne, tano, ndipo itulie. Mke wa mzungu alijua imetulia kwa kugusa kipande kwa ncha ya ulimi: ikichoma, bado. Aligusa mara moja, akatema, basi. Shangazi Elirehema alilichukua jambo hilo akalifanya kazi yangu. Alisema ulimi wa mtoto ni mwepesi kusikia.

"Toa ulimi," alikuwa akiniambia.

Nilitoa. Ilikuwa kama kulamba kaa la moto lenye chumvi.

"Inauma?"

"Inauma, shangazi."

"Sana au kidogo?"

"Sana."

"Lamba hiki cha upande wa pili. Labda huko kimeiva."

Vipande ishirini, thelathini, kila baada ya siku mbili. Ulimi wangu ukatoka vidonda vyeupe. Loshoro, maziwa yetu ya mgando na mahindi, chakula nilichokipenda kuliko vyote, kikawa adhabu. Mpaka leo chumvi ya mboga naipima kwa mkono, wanangu ndio wanaoonja. Shuleni, maana kanisa lilikuwa na kashule kake chini ya bati, watoto waliniita Ulimi. "Ulimi, tutemee mate tufue shati," walisema, na nakiri kwamba siku ya kwanza hata mimi nilicheka.

Lakini nilikuwa na macho pia. Niliona kwamba vile vipande vilivyokaa muda mrefu vilikuwa vinaacha ule wekundu polepole, vinarudi kuwa njano, njano ya jani la mgomba linalokauka. Na vilivyorudi njano havikuuma. Vyekundu ndivyo vilivyouma, kila kimoja, kila siku. Sikufundishwa na mtu. Asubuhi moja, mama akiwa pale pale anachuja mafuta, nikamwambia shangazi.

"Shangazi, huna haja ya kunilambisha. Ile nyekundu bado. Ile iliyorudi njano imeiva. Unaangalia tu."

Mama aliacha kuchuja. Hilo nimelishika, mkono wake ulisimama na kitambaa kikaendelea kudondosha.

Shangazi akanizaba kofi, si la nguvu, la mtu anayefunga mlango. "Nani atanunua sabuni ya rangi ya kinyesi cha mtoto?" akasema. "Watu wanataka nyekundu kama ile waliyokuwa wakiipata dukani. Na wewe utaendelea kulamba."

Nilidhani hakunielewa. Nilikuwa mjinga. Tangu siku hiyo hakuwa tena akinilambisha nyumbani. Alinilambisha sokoni.

Kila Jumamosi tulishuka Kikatiti na kikapu cha sabuni nyekundu, mbichi za siku kumi. Wanawake walijaa, wakashika, wakanusa, wakaogopa. Shangazi akanivuta mbele. "Sabuni yangu haina ukali," alitangaza. "Huyu ni mtoto wa kaka yangu aliye vitani. Ningempa sumu? Lamba, mwanangu." Mkono wake ulikuwa nyuma ya shingo yangu, kucha mbili zimeingia kwenye ngozi. Nililamba. Kazi yangu ilikuwa kutokunja uso. Nilijifunza kuangalia mlima, pale theluji ya Kilimanjaro inapoonekana asubuhi, nikaukazia macho mpaka machozi yaonekane kama ya mwanga. Yakobo alikuwa akisimama pembeni anapiga makofi. "Mtoto analamba, nyinyi mnaogopa kufulia?" alisema, na wanawake wakacheka, wakanunua. Kufulia ilikuwa haidhuru sana, wakulima wana mikono migumu, wakikwaruzwa wanadhani ni jua.

Jumamosi moja akaja Mama Elibariki, binti mdogo tu, mtoto wake wa kwanza alikuwa abatizwe siku inayofuata. Alitaka sabuni ya kufulia gauni lake jeupe na ya kumuogeshea mtoto. Hakunitazama kama wengine. Aliinama, akanishika kidevu, sauti yake ya chini kabisa.

"Mwanangu, niambie mimi. Haiumi?"

Kucha za shangazi ziliingia. Lakini nisidanganye, mara nyingine zilikuwa zimeingia zaidi ya hapo. Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wangu.

"Haiumi," nikasema.

Mtoto yule alichubuka mapajani na mgongoni. Ubatizo haukufanyika. Walimleta kanisani amefungwa jani changa la mgomba lililopakwa mafuta, analia kwa sauti iliyokauka, na baada ya ibada wazee wa kanisa wakaketi chini ya ukuta, tukaitwa. Mtoto alipona, niseme hilo mapema. Ni mwanamume sasa, anaendesha lori, tukikutana ananipa shikamoo kwa heshima, na hajui anamwamkia nani.

Shangazi Elirehema alisimama akaongea vizuri, alikuwa na kipaji cha kuongea. Alisema yeye ni mwanamke asiyejua dawa za kizungu. Alisema alimtegemea mtoto mwenye ulimi mwepesi. "Mama Elibariki," akasema, "si ulimuuliza mwenyewe? Alikujibu nini?"

Mama Elibariki akalia. "Alisema haiumi."

Wakanigeukia. Nikasema kweli nilisema hivyo. Nikasema pia kwamba nilimwambia shangazi nyumbani, nyekundu bado, njano imeiva, na alinipiga. Nilisema yote kwa pumzi moja.

Shangazi hakukasirika. Alimgeukia mama yangu taratibu, kama mtu anayeomba chumvi. "Wifi, wewe ulikuwepo. Ulimsikia mtoto huyu akiniambia maneno hayo?"

Mama alikuwa ameshika pindo la kanga yake. Alilikunja, akalikunjua.

"Sikusikia," akasema.

Yakobo alinichapa pale pale kwa fimbo ya mti wa kahawa, wazee wakiangalia, mwizi wa kostiki akinifundisha ukweli. Kisha mwinjilisti aliyekuwa mwalimu wetu akatoa hukumu. Nisirudi darasani mpaka nisimame mbele ya watoto wote niseme: Nilidanganya watu, na shangazi yangu hana kosa.

Jumatatu nikaenda. Nikasimama. "Nilidanganya watu," nikasema, na hiyo niliisema kwa moyo wote, maana nilikuwa nimemwona yule mtoto. Nusu ya pili haikutoka. Mwalimu akasubiri. Watoto wakasubiri. Akanirudisha nyumbani. Jumatatu ya pili nikasema nusu ile ile, nikarudishwa. Ya tatu vilevile. Ya nne mama akanipa jembe. Wenzangu niliowaacha darasani wakawa manesi na makarani. Mimi nikawa mtu wa kusomewa barua, mpaka nilipojifunza tena kusoma na kuandika ukubwani.

Baba hakurudi kutoka Bama. Elirehema na Yakobo walikufa wazee kwenye kihamba chetu, wamezikwa kwa nyimbo.

Niliolewa mjini, na huko nikakutana na Bibi Mwanaidi, mzee sana, bado anauza viungo. Nilipomweleza mimi ni wa nani, alimkumbuka shangazi mara moja. "Yule wa sabuni," akasema. "Siku ya kwanza kabisa nilimwonya. Manjano ikikutana na kitu kikali kama chokaa inakuwa nyekundu, sisi tunaijua toka kwa mama zetu. Nikamwambia, binti, ukiona bado nyekundu, usimguse nayo mtu." Kwa hiyo shangazi alijua kabla yangu. Alijua kabla sijalamba kipande cha kwanza.

Na mama? Mama alikuja kuugulia kwangu. Mchana mmoja nilikuwa nampaka mafuta miguuni, nikamuuliza bila kuinua macho.

"Mama, siku ile ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Mbona ulisema hukusikia?"

"Ningesema nimesikia, wangetutoa kihambani kabla ya kahawa kuiva. Sikuwa na mtoto wa kiume. Nikaona wewe ni mtoto, utapona." Akaomba maji. Nilimpa. Nilimuuguza mpaka mwisho na nilimzika vizuri, na hakuna anayeweza kusema nilimnyima kitu. Nilimnyima kimoja, neno la kumsamehe, na alikijua.

Utotoni nilidhani walinichagua kwa sababu ya ulimi. Niliuona kama kitu changu cha pekee, hata nilijivuna kidogo kabla haujaniharibikia. Nimechukua miaka mingi kuelewa kwamba hawakuwa na shida na ulimi wowote, majibu walikuwa nayo tangu barazani kwa Bibi Mwanaidi. Walichotafuta ni mtu ambaye neno lake lingetosha kuuzia sabuni Jumamosi, na Jumapili likatupwa bila mtu kuinama kuliokota. Katika boma lile alikuwepo mmoja tu, na mama yake alilijua hilo vizuri kuliko wote.