Mama Pua na Mnanaa wa Alfajiri

Mama Pua hakupewa jina hilo kwa sababu ya ukubwa wa pua yake, ingawa nayo haikuwa ndogo. Alibatizwa na makarani wa mahakama iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Kila msimu wa joto walivuka kuja kwake wakiwa hoi, tai zimelegezwa, mashati yamegandamana na migongo, kutafuta kitu cha baridi. Walizoea kumwona akiinamia jagi, akivuta hewa mara moja tu, kisha akitoa hukumu: hili liende mezani, hili bado. Hakuonja. Ulimi, alisema, ni shahidi wa kuhongwa. Ukiupa sukari utasema lolote unalotaka. Pua haili rushwa.

Mgahawa wenyewe ulikuwa chumba kimoja chenye meza za plastiki. Nyuma yake kulikuwa na jiko, na nyuma ya jiko bustani ndogo iliyozungushiwa kichaka cha uani. Humo mlikuwa na mchaichai, mrehani, choya chenye maua mekundu, mnanaa, na mwaridi mmoja mkaidi uliochanua siku uliyotaka wenyewe. Choya alikichemsha na tangawizi akakipoza. Petali za waridi aligandisha ndani ya vipande vya barafu, na mawakili wazima walizishangaa kama watoto. Maua ya maboga aliyakaanga yakawa makavu ya kuvunjika, na saladi ya matango haikutoka jikoni bila mrehani uliochanwa kwa vidole, maana kisu, kwa sheria zake, kinautia uchungu. Lakini mfalme wa pale alikuwa mnanaa. Maji ya ndimu na mnanaa ndiyo yaliyomlea mwanawe wa pekee baada ya baba yake kufariki, mpaka kijana akawa fundi wa majokofu mwenye karakana yake.

Mnanaa huo hakuugusa mtu. Mama Pua aliuchuma mwenyewe alfajiri, kabla jua halijaanza kuyaibia majani harufu, na aliuchuma gizani. Taa, alisema, ni ya wasio na pua. Aliinama, akanusa, mkono ukafuata. Mkwe wake, mke wa yule fundi, aliruhusiwa kuosha majani, kukata ndimu na kupeleka glasi mezani. Kuchuma na kupitisha jagi hapana. Mtawala gani huyo anayegawa kiti chake?

Basi mwaka huu joto lilipoanza kuuma, mnanaa ukanyamaza. Mama Pua alifikicha jani, akalileta puani, akapata harufu ya mbali, kama ya nguo iliyofuliwa juzi. Wiki iliyofuata hakupata hata hiyo. Alihisi ubaridi wake ukipita puani, lakini harufu yenyewe hakuna. Akaulaumu udongo. Akaulaumu mfereji. Akamlaumu muuza mbolea, mtu mpole aliyekuwa hajakanyaga pale tangu mwaka jana. Udongo ukabadilishwa, mfereji ukazibuliwa, na mnanaa ukaendelea kukaa kimya.

Ajabu ni kwamba wateja walizidi kusifu.

"Mama Pua, msimu huu umejipita mwenyewe," alisema karani mmoja mnene, akipangusa mdomo. "Na yale mafua yako ya wakati wa mvua, yalikwisha?"

"Yalikwisha zamani," alijibu, huku macho yake yakiwa hayako kwa karani. Yalikuwa kwa mkwe, aliyekuwa akipanga glasi kwenye sinia bila kuinua uso. Majani hayanuki, wateja wanasifu. Hesabu hiyo inajumlishwaje? Pana mkono hapa, aliwaza, na mkono huo si wangu.

Tangu siku hiyo hakulala na shaka tu, alikula nayo pia. Kila alichofanya mkwe kiligeuka ushahidi. Akiimba anapoosha majani, anajikausha. Asipoimba, ana jambo. Akichelewa kutoka sokoni, alikuwa na nani? Akiwahi, mbona leo kawahi? Yule binti alikuwa na tabia moja iliyomkera mama mkwe wake kuliko zote: alikuwa mkimya. Na wahenga hawakukosea, kimya kingi kina mshindo mkuu. Mama Pua alianza kutega sikio kuusubiri mshindo.

Siku moja, mkwe alipotoka kupeleka saladi, Mama Pua akafungua mkoba wake uliotundikwa nyuma ya mlango. Aibu aliihisi, tusimsingizie. Aliihisi, akaiweka kando, akaingiza mkono. Ndani, chini ya kanga iliyokunjwa, palikuwa na kifurushi cha kitambaa kibichi. Akakifungua akakuta mnanaa mteke, umefungwa vizuri kwa uzi.

Moyo ulimpasuka. Kumbe ndiyo maana! Anavuna ulio mzuri, ananiachia makapi, mnanaa wangu anakwenda kuuuza nje. Akafunga kifurushi kama alivyokikuta na kurudi kwenye sufuria yake ya choya. Hakusema neno. Alitaka kumkamata mtu akiwa katika tendo, si kwa maneno.

Hakungoja sana. Asubuhi moja Mama Pua alichuma mapema zaidi, akaosha majani mwenyewe kungali giza, akayaloweka kwenye majagi pamoja na ndimu na barafu kabla mkwe hajafika. Akajifanya anakwenda dukani kufuata sukari. Hakwenda. Alizunguka akaingia stoo na kusimama nyuma ya magunia, pale penye kidirisha kinachotazama jikoni. Mwanamke wa umri wake, unga umemjaa kwenye nywele, anachungulia jiko lake mwenyewe kama mdokozi.

Mkwe aliingia, akafunga aproni, akainamia jagi la kwanza. Akanusa. Akachota jani kwa kijiko, akaligeuza, akalitazama. Kisha akabeba jagi mpaka kwenye sinki, akalimwaga. Na la pili. La tatu akalimwaga pia, akayasuuza yote, akafungua mkoba wake.

Mama Pua aliuma kidole asipige kelele. Sasa hata ushahidi wa mahakamani hauwezi kuzidi huu, alijisemea. Mtu anamwaga jasho langu mchana kweupe.

Kesi ilisikilizwa jioni ileile jikoni, baada ya mteja wa mwisho kuondoka. Mwanawe aliitwa kutoka karakana, akaja na mikono bado ina grisi, akakaa juu ya kreti la soda katikati ya mama yake na mkewe. Sehemu mbaya kuliko zote duniani kwa mwanamume kukaa.

"Mwanangu, mimi sina ugomvi na mkeo," Mama Pua alianza, na kila aliyewahi kusikia sentensi hiyo anajua kinachofuata. Alieleza yote: mnanaa uliopoteza harufu, sifa za wateja, kifurushi kwenye mkoba, majagi yaliyomwagwa. Alieleza kwa mpangilio ambao wakili yeyote wa ng'ambo ya barabara angeuonea wivu. Mwishoni akasema kilichokuwa kinamuuma hasa. "Anataka jiko. Anataka wateja waseme mkono wa mama umekwisha, mwenye mkono ni yeye. Jiko hili ndilo nililobaki nalo. Mimi na yeye hatukai tena humu pamoja. Chagua."

Fundi alimgeukia mkewe. "Ni kweli umemwaga?"

"Ni kweli."

"Na mnanaa wa kwenye mkoba?"

"Ni wangu. Nimeununua sokoni."

"Wa nini, na bustani ile pale?"

Mkwe alimtazama mama mkwe wake. "Sina la kusema," alijibu.

"Umeona?" alisema Mama Pua.

"Basi," mwanawe alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "mke wangu, kaa nyumbani kwanza. Mambo yapoe."

Mkwe hakulia wala hakubisha. Alivua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya meza. Mlangoni akasimama. "Mama, naomba kitu kimoja tu. Kesho usichume gizani. Chukua taa."

Maneno hayo ndiyo yaliyomnyima Mama Pua usingizi. Aliyageuza huku na huku kitandani. Taa ya nini? Amefukia nini mle? Mtu hafukuzwi kazi akaondoka kwa adabu vile bila kuacha mtego nyuma. Kulipoanza kupambazuka alichukua tochi ya mwanawe, kwa mara ya kwanza tangu apande bustani ile, akatoka kwenda kumkamata mkwe hata akiwa hayupo.

Alimulika kingo za tuta, akamulika chini ya mwaridi. Hakuona udongo uliofukuliwa wala kitu kilichochomekwa. Akamulika pale anapopiga magoti kila alfajiri, na hapo akasimama.

Kichaka cha uani kilikuwa kimevuka. Kile chenye vijiua vya njano na pinki, ambacho mbuzi wa jirani alikitafuna mwaka mmoja akalala chini hawezi kuinuka, kilikuwa kimetambaa mpaka katikati ya mnanaa. Majani yake yalikuwa na meno pembeni kama ya mnanaa, yamekaa mawili mawili kama ya mnanaa. Mchana hata mtoto angeyatofautisha, kwa ukubwa na kwa ukwaruzo wake. Gizani, kwa mtu anayekwanyua kwa haraka na kuiachia pua hukumu, ilibaki pua tu.

Na vichipukizi vya kichaka vilikuwa vimekatwa. Si kimoja wala viwili. Vimekatwa safi, juu kidogo ya fundo, kwa ukucha wa kidole gumba, jinsi anavyokata mtu mmoja tu katika nyumba ile: yeye mwenyewe. Aliyemfundisha kukata hivyo alikuwa mama yake, na yeye hakuwahi kumfundisha mwingine.

Alikwanyua jani la kichaka kwa mkono mmoja na la mnanaa kwa mwingine, akayafikicha, akafumba macho. Akanusa la kulia. Akanusa la kushoto. Akarudia, akivuta hewa mpaka kifua kikamuuma. Yalikuwa sawasawa. Yalikuwa kama kunusa maji.

Hapo ndipo alipoogopa kweli. Aliwaona makarani wakivuka barabara wenye kiu, akamwona yule mnene akipangusa mdomo, aliwaona wote wakipokea glasi kutoka kwenye mkono wake. Akakaa chini kwenye tuta, juu ya mnanaa wenyewe.

Jua lilipotoka alikuwa mlangoni kwa mwanawe. Fundi alifungua akiwa na mswaki mdomoni. "Mama? Kuna nini tena?"

"Niitie mkeo. Na wewe usiondoke, ulisikia mashtaka, sikia na haya." Mkwe alitoka nyuma ya pazia, akiwa amejifunga kanga, uso wake ukiwa na tahadhari ya mtu aliyezoea kushtakiwa. Mama Pua alifungua viganja, majani yale mawili yamepondeka ndani. "Mwanangu, pua yangu imekufa. Nimekuwa nikiwachumia watu sumu, na mkeo amekuwa akiimwaga."

Fundi alitoa mswaki. Alimtazama mama yake, akamtazama mkewe. "Ulijua?"

"Nilikuwa nayachambua majani wakati wa kuosha," mkwe alisema polepole. "Kila siku yalizidi. Nikaanza kununua sokoni ya kujazia. Ile asubuhi aliyoloweka mwenyewe, sikuwa na njia nyingine."

"Na jana ukakaa kimya!" mumewe alisema. "Mpaka nikakufukuza!"

Mkwe aliinamisha kichwa. "Wanamwita Mama Pua," alisema. "Ningesemaje mbele yako?"

Machozi yalimtoka mama mkwe wake, na hakuyafuta. Lakini hata kwenye machozi mazoea yana nguvu, na swali lilimtoka kwa sauti ileile ya kuchunguza, kana kwamba bado anasimamia kesi. "Mbele yake sawa. Je, tukiwa wawili? Siku zote hizo tuko jikoni, mimi na wewe. Mbona hukuniambia?"

Mkwe aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika nyumba ile akamtazama machoni bila kukwepa.

"Ningekuambia, mama, ungeniamini?"

Mama Pua alifungua mdomo aseme ndiyo. Akaufunga.