Nani amefuma sweta langu?

Jamani, leo mtu amelifuma sweta langu nikiwa darasani!

Mnanijua. Mchana vipindi, jioni madaftari ya kusahihisha, kufuma najiibia tu kati ya kengele na kengele. Na mtoto wa dada yangu anabatizwa Jumapili, sweta ni lake, na baridi ya huku Gehandu mnaijua.

Basi nikaacha sindano na uzi wangu wa njano mezani ofisini, nikaingia Darasa la Tano.

Narudi, mkono wa sweta umerefuka.

Nikadhani ni uchovu. Nikaugeuza, nikaukagua. Umenyooka kuliko ninavyofuma mimi!

Nikawauliza walimu wenzangu. Wanacheka tu, hakuna anayejua.

Pale kwenye kona amekaa mwalimu wa nidhamu, mzee wetu ambaye akikohoa tu shule nzima inanyamaza. Hanitazami. Ila kwenye koti lake kumenasa uzi wa njano.

Nikasogea. "Shikamoo mwalimu. Samahani, ni wewe?"

"Marahaba." Akashusha sauti. "Kwetu Njombe mama alitufundisha wote, wavulana kwa wasichana. Nimeona sindano, mikono ikashindwa kutulia. Nimekuharibia?"

Na mimi siku zote namwogopa huyu baba!

"Hapana mwalimu. Umeniokoa."

Akatazama mlangoni, kisha akavuta kiti karibu na changu.

"Lete huo mkono. Wewe endelea na shingo."

Tumefuma pamoja mpaka kengele ikalia, ofisi nzima inatutazama, na yeye wala hakujali.

Hebu niambieni, kazini kwenu nani amewahi kuwashangaza hivi?