Tanki Nililosifia Bila Kuliona

Mi ndiye mukosaji. Benzangu mu komite ni bajinga pia, lakini leo nasema yangu.

Kijiji chetu kinahesabiwa upande wa muji wa Baraka, kijiji cha jirani zetu upande wa Fizi. Lakini maji ni moja: chemchemi moja mulimani, tanki moja, robine, bomba la kuteka maji, kila upande. Kwa hiyo tukaunda komite ya pamoja. Kwetu bakanichagua mi kuwa mukaguzi. Jirani bakachagua mwalimu mustaafu. Kazi yetu: kupanda kila mwezi, kufungua tanki, kuangalia, kuandika.

Kupanda! Nilipanda mara mbili tu. Mwezi wa tatu nikamuuliza mwalimu, "Kule juu?"

"Kila kitu iko sawa."

Nikaandika: tanki iko safi. Kumbe naye alikuwa anakopia karatasi yangu! Batu bazima, na makoti yetu, tunapeana mikono mu mukutano na hakuna anayefika juu tena. Aibu gani hii!

Mama Feza, muuza mihogo pale robine, akanifuata na kopo ya maji mukononi. "Baba, nusa kwanza."

"Mama, we ulisomea maji école gani?"

Batu bakacheka. Nami nikajiona mukubwa. Mupumbavu mi!

Juma ile ile muke wangu akashikwa na kuhara. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Nikamukimbiza kituo cha afya. Kitanda cha pembeni amelala Mama Feza. Mutoto wetu akatoka. Hakulia.

Bamama ndio balipanda. Bakakuta mufuniko umevunjika, mbuzi ameozea ndani ya tanki.

Mukutano ukaitwa. Munajua wakubwa balibishana nini? Mbuzi ni wa upande gani! Asubuhi nzima! Nikasimama: "Mbuzi muache. Mi sikupanda. Mwalimu, we ulipanda?"

Akaangalia viatu vyake. Vilikuwa vinang'aa.

Muke wangu alirudi kwao Mboko. Mulangoni akaniambia, "Nilikunywa ju ulisema iko safi."

We unayekaa mu komite ya pande mbili, sikia: usiseme jirani ataangalia. Saa hii jirani amekaa kwake, anasema utaangalia we.