Yule wa Kwenye Runinga Alianguka Pale Pale

Jumapili iliyopita nilikuwa nyumbani kwangu Bariadi, nimekaa sebuleni na binti yangu, tunatazama mchezo wa kuigiza. Msichana katoa mimba. Hata chai yangu haijapoa, akashika tumbo, akapiga yowe, akaanguka, akafa. Likafuata tangazo la sabuni. Rafiki yangu, nilitamani kuirushia ile runinga kikombe. Ni kifo kile kile nilichokitazama nikiwa na miaka kumi, kule Ngulyati.

Wakati ule wanunuzi binafsi wa pamba ndio kwanza wameruhusiwa, na mmoja wao, jirani yetu, alileta runinga ya kwanza pale kijijini, pamoja na jenereta lililonguruma nyuma ya nyumba. Jumamosi jioni aliitoa barazani. Tulikaa chini na matobolwa yetu, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, tukitafuna mpaka taya zinauma. Mchana tulikuwa tunachambua pamba juu ya chanja: nyeupe huku, fifi, ile chafu, kule. Hakuna aliyekuwa na mikono myepesi kama dada.

Dada, binti wa baba yangu mkubwa, alikuwa anajifunza cherehani mjini, msimu wa pamba akirudi kijijini, na tulilala kitanda kimoja kwa bibi. Ndiye aliyenisuka, ndiye aliyenibembeleza nilipomlilia mama. Siku moja pale kwenye chanja, bila kuinua macho, aliniambia alikuwa na mimba na juzi ameitoa kwa mama mmoja wa mizizi.

"Ukimwambia bibi, mimi na wewe basi."

Jumamosi ikafika, jirani akatuwekea igizo. Msichana akashika tumbo, yowe, chini. Baba yake, mchekeshaji wa suruali pana, akazimia juu ya kuku, na baraza zima likaangua kicheko. Hata mimi nilicheka. Dada alicheka amechelewa. Njiani akaniminya mkono.

"Umeona? Yule kaanguka pale pale. Mimi leo siku ya nne, nachota maji, nachambua pamba. Nimepona."

Tulirudi nyumbani tunakimbizana kwa furaha.

Jumatatu homa ikaanza. Bibi akampa klorokwini, akamfukiza kwa mwarobaini. "Ng'wanawane, mwanangu, ni malaria tu, itapita," akamwambia. Na mimi niliyejua nilikaa kimya, kwa sababu kwenye igizo hapakuwa na homa. Palikuwa na yowe, na dada hakupiga yowe. Alitetemeka, akaomba maji, akaomba radhi kwa kulowesha shuka. Alhamisi wakamlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe wampeleke hospitali. Hakufika. Msibani mwalimu wetu alisema mbu wamezidi mwaka ule, watu wakaitikia kwa vichwa.

Nina hasira, sifichi. Mtu kakaa mezani kwake akaandika kwamba msichana wa namna hiyo lazima afe haraka ili wengine waogope, na baba yake azimie ili tucheke. Hakumuuliza hata nesi mmoja. Angeweka homa tu, siku mbili za homa na mtu mmoja wa kusema twende hospitali sasa hivi, dada angejua, nami ningemkimbilia bibi.

Siku hizi chanja lile halipo. Bibi tulishamzika, baraza la jirani limekuwa duka la simu, na matobolwa binti yangu anayaonja kwa kuniridhisha tu. Vyote vimekwenda na maji. Mchezo ule ndio umebaki, kwa rangi nzuri zaidi.

Tangazo la sabuni lilipokwisha, binti yangu aliniuliza, "Mama, kwani wanakufaga hapo hapo?"

Nikazima runinga. "Hapana," nikamwambia. "Inaanza na homa. Na ukiiona kwa yeyote, hata kama amekuapisha, uje uniambie."