Flashi Tupu

Ungefika Navakholo katika miaka ile ya tisini na kitu ukauliza Andati ni nani, usingemaliza kuuliza. Ni yule wa kamera, wangekwambia, yule wa baiskeli nyeusi na begi la ngozi kifuani, ambaye mtoto akizaliwa popote kati ya soko na mto Nzoia, yeye hufika kabla ya wajomba. Alijua nani ana mimba ya miezi saba na nani amejifungua jana. Wivu ulituambia kwamba alikuwa anafuata ingokho, kuku wa mgeni, maana hakuna nyumba yenye mtoto mchanga itakayomwacha mpiga picha aondoke na njaa. Lakini tusimnyime haki yake. Alikuwa na mkono mzuri, na alikuwa na mlio wake mmoja wa ulimi, kama wa kuku anayeita vifaranga, ambao mtoto yeyote akiusikia hugeuka na kutazama kamera. Mama akijaribu wiki nzima kumchekesha mwanawe, Andati alimchekesha kwa mlio mmoja.

Alikuwa na hila pia. Filamu ilikuwa ya picha thelathini na sita, na kila moja ilikuwa ya mteja. Sasa watoto wa sokoni hawakujua hayo. Walimfuata wakipiga kelele awapige picha, wakajipanga, wakatoa vifua. Nyuma ya flashi yake kulikuwa na kidude kidogo cha kuijaribu. Ukikibonyeza taa inawaka, chwaa, na kamera yenyewe haina habari. Andati alibonyeza, watoto wakaruka kwa furaha, wakaenda zao. Wapiga picha wote waliifanya. Waliiita flashi tupu, na hakuna aliyeona ni dhambi. Hata mimi sioni dhambi, kwa watoto wa sokoni.

Mkewe alikuwa Jescah, mtu wa maneno machache. Mamake alifariki yeye akiwa bado hajaota meno, na hakuacha picha hata moja. Jescah alikua akiuliza watu mamake alikuwa na sura gani, nao wakamjibu tu kwamba alikuwa mtu mzuri. Basi mwaka wa tisini na nne, alipojifungua mtoto wa kike, walimpa jina la huyo nyanya, Muhonja. Mama mdogo wake Jescah, mzee Beldina, alikuja kumwona mtoto. Alimfunua shuka, akamtazama sana, kisha akakaa chini.

"Jescah," alisema, "ulikuwa unaniuliza mamako alifanana vipi. Ndiye huyu. Hata hiki kidevu."

Tangu siku hiyo Jescah alikuwa na ombi moja tu hapa duniani. "Baba Muhonja," alimwambia mumewe, "mpige mtoto picha kila siku. Hata moja tu, asubuhi kabla hujatoka. Sitaki apite bila mimi kumwona."

Andati akasema sawa. Nani angekataa? Kesho yake asubuhi Jescah akamwogesha mtoto, akampaka mafuta, akamvalisha gauni jeupe, akaketi naye mlangoni penye mwanga. Andati akainua kamera. Ndani ya kamera zilikuwa zimebaki picha mbili, na saa nne alikuwa na ubatizo wa watu. Akasema moyoni, nitaanza kesho. Kidole kikaenda kwenye kidude. Chwaa. Jescah akatabasamu, na Andati akapanda baiskeli.

Kesho ilikuja na ubatizo wake, na kesho kutwa ikaja na harusi. Mganga hajigangi, tunasemanga, na huo ni msemo wa kumhurumia mtu. Andati simhurumii. Kila asubuhi kwa mwaka mzima na miezi mitatu, mwanamke yule alimvalisha mtoto gauni jeupe, na lilipombana akamshonea jingine, akaketi mlangoni, na kila asubuhi mumewe akamwashia taa. Muhonja akajifunza kukaa, akajifunza kusimama, akajifunza kugeuka akisikia ule mlio wa kuku, yote mbele ya flashi tupu.

Jescah alipouliza picha ziko wapi, alijibiwa filamu haijaisha. Alipouliza tena, akaambiwa ziko kwa Swaleh, mwenye studio mjini Kakamega, zitaoshwa zote pamoja na kutiwa kwenye albamu moja kubwa mtoto akifika miaka miwili. Jescah akafurahi. Akaenda sokoni akainunua hiyo albamu, yenye maua mekundu kwenye jalada, akaiweka juu ya kabati. Siku moja tu aliishika kamera akasema, "Nifungulie nimchungulie kidogo." Andati akainyakua. "Ukiifungua mwanga unaingia," alisema, "picha zote zinaungua." Na hilo ni kweli tupu, muulize mpiga picha yeyote.

Muhonja alikufa mwezi wa tano, wakati wa mvua nyingi. Ilikuwa malaria. Jumatatu alikataa uji, Jumatano akawa anawaka moto, Alhamisi asubuhi hakuwepo.

Andati alimlilia mwanawe, na msiseme hakumpenda. Alimpenda sana. Alilia mpaka wanaume wenzake wakamshika mikono. Lakini kilio chake kilikuwa na hofu ndani yake, na alichokiogopa kikamfikia siku ya mazishi, pale Beldina alipoomba picha moja ya mtoto aende nayo kwao.

"Sio moja, mama," Jescah akamwambia, macho yamevimba. "Babake amempiga kila siku. Ziko nyingi, utachagua."

Watu wakamtazama Andati kwa heshima. Baba wa namna gani huyu, walisema. Andati akatazama chini, na mdomo ukamsaliti kwa mara nyingine. "Ziko kwa Swaleh," alisema. "Nitazileta."

Angalisema siku hiyo. Kilio kingekuwa kimoja. Lakini alinyamaza wiki moja, akanyamaza ya pili, na wiki ya tatu Jescah akafunga kitambaa kichwani, akachukua albamu yake kwapani, akaenda mjini mwenyewe.

Alirudi jua likiwa bado juu. Andati alikuwa uani anapangusa kioo cha kamera. Jescah hakukaa.

"Swaleh ni mtu mzuri," alisema. "Ametafuta mpaka kwenye sanduku la chini. Ameniambia picha za mtoto wetu hajawahi kuosha hata moja. Nikamwambia haiwezekani, nimeona taa kwa macho yangu. Ndiyo akanieleza, kwa kunihurumia tu, kwamba kuna kitu kinaitwa flashi tupu. Eti munawapiganga watoto wa kusumbua."

Andati akaendelea kupangusa kioo.

"Muhonja alikuwa anakusumbua?"

"Mama Muhonja, nilikuwa naanza kesho. Kila siku nilikuwa naanza kesho."

"Usiniite hivyo," Jescah akasema. Akaingia ndani, na albamu akairudisha juu ya kabati, haina kitu.

Hakuenda kwao. Beldina alimwambia akae, na akakaa. Alipika obusuma, ugali wetu, alifua, alikwenda kanisani. Lakini jina la Baba Muhonja halikutoka tena kinywani mwake. Alimwita Andati, kama anavyoitwa na watu wa sokoni. Na jioni alianza kuwaambia majirani kwamba anasahau sura ya mtoto, kwamba kidevu anakikumbuka lakini macho yamempotea. Andati aliyasikia hayo kupitia ukutani, na hakuna kipigo kinachouma hivyo.

Mwaka wa tisini na saba Mungu akawapa mtoto mwingine, wa kiume, wakamwita Were. Andati akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Alinunua filamu ya mtoto. Aliitia kwenye kamera siku ya tatu, akaapa kwamba humo hataingia mteja; za watu akaazima kamera ya Swaleh. Kila asubuhi alipiga picha moja, ya kweli, kidole mahali pake, na kila asubuhi alisikia moyo wake ukitua kidogo. Jescah hakumvalisha mtoto gauni wala kofia. Alimshika tu vile alivyo na kutazama pembeni, taa iwake, imalizike. Andati hakumlaumu. Alisema nafsini mwake, filamu ikiisha nitaziosha, nitampelekea mikononi thelathini na sita, hapo atajua.

Asubuhi ya thelathini na moja alilia kama kuku, na Were, kwa mara ya kwanza, akacheka. Andati akapiga. Ilikuwa picha nzuri, aliijua papo hapo.

"Amecheka," alisema. "Jescah, nimempata akicheka."

Jescah akageuza uso. "Fungua nione."

"Siwezi. Zimebaki tano tu. Mwanga ukiingia zitaungua."

"Ndivyo ulivyoniambia hata wakati ule."

Na kweli, maneno ya Andati yalikuwa yale yale. Angeyasema kwa kulia, angeyasema kwa magoti, yangebaki yale yale. "Safari hii imo," alisema. "Ngoja siku tano."

"Nilingoja mwaka na miezi mitatu." Akanyoosha mkono. "Kama imo, fungua."

Basi akafungua. Afanye nini, akatae? Alifungua mgongo wa kamera pale mlangoni, jua la saa mbili likaingia lote, na filamu ikaonekana imejikunja mahali pake. Andati akaona uso wa mkewe ukilegea. Aliiona imani ikitaka kurudi. Jescah akaingiza vidole, akaivuta filamu polepole, mkono baada ya mkono, akaiinua juani kama alivyomwona mumewe akifanya na zile zilizokwisha kuoshwa, ambazo humo huonekana watu wadogo wadogo, weusi kwa weupe. Akatafuta mwanzo mpaka mwisho. Utepe ulikuwa na rangi ya chai iliyopoa, na ndani yake hamkuwa na mtu.

"Were yuko wapi?"

"Yumo. Haionekani mpaka ioshwe. Jescah, naapa kwa Mungu, alikuwamo."

Jescah aliukunja utepe ule mkononi kama mtu anayekunja uzi, akamwekea mumewe kiganjani, akambeba mtoto wake.

"Afadhali leo nimejionea," alisema, akaingia ndani.

Saa nne Andati alikuwa na ubatizo kwa kina Maximilla, ng'ambo ya soko. Alitia filamu mpya, akapanda baiskeli, akaenda. Akawapanga wazazi, akamlilia mtoto wao kama kuku anayeita vifaranga, na mtoto akageuka akacheka. Picha zote zilitoka safi.