Dirisha la Nangila Kabla ya Zege

Saa mbili asubuhi, jua la Bungoma limeshafika kwenye dirisha la ofisi ya Nangila Khisa, mchoraji ramani za majengo. Anabandika kiooni karatasi tatu nyepesi, moja juu ya nyingine: ya kuta, ya boriti na ya mabomba. Mwanga ukipenya, kila mtaalamu anaiona kazi ya mwenzake.

Kesho zege linamwagwa kwenye msingi wa wodi ya akina mama ya zahanati moja nje ya mji. Nyuma ya Nangila wamesimama Kigen, mhandisi kutoka Kitale, na Levi, fundi wa mabomba. Joan, mkunga wa zahanati hiyo, anakunywa chai huku akishangaa ameitiwa nini.

Ghafla Nangila anaweka kidole kiooni. Bomba la maji taka linakata katikati ya boriti ya msingi.

"Engineer, hapa nimekosea," anasema. "Joan aliniambia choo ikae karibu na chumba ya kujifungulia. Nikahamisha, nikaambia Levi. Wewe nikakusahau."

Kigen anakuna kichwa. Miaka mitatu iliyopita, kosa kama hilo liliwabomolea yeye na Nangila ukuta mzima kule Kitale. Walitupiana lawama, wakanuniana mwaka mzima.

Siku hizo kila mtu aliificha ramani yake kama mpishi anavyoficha siri ya pilau. Walipatana siku umeme ulipopotea: kompyuta zikazimika, wakalazimika kuzisoma karatasi pamoja dirishani. Kinachomtisha Nangila leo ni kumpoteza Kigen mara ya pili.

Kigen anauliza kama choo kinaweza kurudi kilipokuwa.

"Mama ametoka kujifungua, unataka atembee hiyo korido yote?" Joan anamjibu. "Si hata wewe ungechoka."

Mhandisi anacheka, kisha anamuuliza Levi kama bomba linaweza kupita chini ya boriti. Levi anapima mteremko, anaitikia kwa kichwa. Vijana wake watachimba mchana huu.

Nangila anaketi, anashusha pumzi ndefu. Machozi yanamlengalenga, na hajali nani anaona.

Kazi inayofuata ni maktaba huko Kitale. Amepanga kuwakalisha wote meza moja siku ya kwanza, pamoja na atakayekuwa akiifagia maktaba hiyo.

"Lakini huyu Kigen nitampigia kwanza," anasema. "Kabla hata sijagusa choo."