Meno ya Bibi

Kilichoninyima usingizi ni kipande cha kiazi kikavu. Cheka tu, hata mimi ningecheka kama hadithi ingekuwa ya mtu mwingine. Jioni ile, tukiosha vyombo, Bibi aliniambia bila kuniangalia, "Kesho malori ya jeshi yanapita. Utanipa meno yako." Nikalala na neno hilo. Nikaligeuza kwa namna zote nilizofundishwa chuoni, faida upande huu na hasara upande ule, mpaka jogoo wa jirani akawika nikiwa bado sijaamua.

Nimerudi Nyamuswa tangu nimalize chuo, nasubiri kazi ambayo sijui kama nayo inanisubiri. Ngoja nikueleze habari ya meno.

Nilipokuwa mdogo, nyuma ya nyumba ya Bibi kulikuwa na mwamba mpana, laini juu kama mgongo wa kiboko. Viazi vitamu vikishavunwa, wanawake wa kitongoji walikuja na masufuria ya viazi vilivyochemshwa, wakakaa pembezoni, wakakata vipande na kuvianika juu ya jiwe la moto. Ndiyo matobolwa hayo. Harufu yake ilikuwa ya sukari inayoanza kuungua. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kufukuza mbuzi na kunguru, na nyayo zetu ziliungua mpaka tukazizoea.

Wengine walianika vya kula nyumbani. Bibi alianika vya nyumbani na vya wanajeshi. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa. Alianza wakati wa vita vya Kagera, akiwa ameolewa karibuni, wanawake walipoombwa chakula kikavu cha wapiganaji. Vita viliisha, wenzake wakarudi kwenye pamba, yeye akaendelea.

Alitusimulia vita hivyo huku kisu kikienda. Alivisikia kwa waliorudi, wale aliowapikia uji. Mmoja alikuwa na kovu begani lililomeza ncha ya kidole. Mwingine alilala kutwa nzima chini ya maiti ya rafiki yake, damu ya rafiki ikimwingia sikioni, na alichokuwa nacho ni kiazi kikavu alichokitafuna polepole ili adui wasisikie. Hapo Bibi alisimamisha kisu, akatutazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo msikate vinene. Kinene kinalia mdomoni. Kinaua mtu."

Tulikata vyembamba. Nakuhakikishia hakuna watoto waliokata viazi kwa hofu kama sisi.

Malori yalitoka Musoma, yakapita Butiama, yakasimama hapa senta kuchukua maji kabla ya kuendelea na mazoezi yao huko mbele. Bibi alisimama na ungo wake kando ya barabara. Kwetu humpi mgeni chakula bila kuonja kwanza mbele yake, aone kwamba hakina sumu. Bibi alitafuna kipande, akameza, kisha akafunua mdomo kama mtoto aliyepelekwa zahanati.

"Mama, tumeona, tupe basi," wanajeshi walicheka.

"Subirini kidogo. Nikianguka, msile."

Mjomba wangu, kitinda mimba wa Bibi, alikulia mbele ya ungo huo. Alipokuwa mkubwa akaenda jeshini. Alipotumwa kulinda amani nchi ya jirani, Bibi alimfungia matobolwa kwenye kipande cha kitenge, akayaonja mbele yake, akampa.

Alirudi kwenye sanduku. Walioleta jeneza walileta na mkoba wake, na ndani ya mkoba kilikuwamo kitenge kile, bado kimefungwa kwa fundo la Bibi, upande mmoja kimekuwa cheusi kwa damu iliyokauka na kigumu kama ngozi ya ng'ombe. Uwanja ulikuwa umejaa watu. Bibi alikaa chini, akafungua fundo, akatoa kipande, akakiuma.

"Nilimpa mimi," alisema. "Hakumaliza. Namalizia."

Wanawake walipiga yowe. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumsikia akitafuna, na kiazi hakikulia. Kilivutika.

Babu akainuka na fimbo yake. "Umewalisha miaka yote, wamekuletea maiti. Na bado unatafuna?" Akampiga nayo mdomoni. Niliona meno ya mbele yakidondokea kwenye kanga, na damu ikifuata. Babu akapanda mwambani, akavipiga mateke viazi vyote vilivyoanikwa, akawapiga na wanaume waliokwenda kumshika. Mmoja alipasuka juu ya jicho. Mwishowe walimwangusha kifudifudi juu ya jiwe, akalia hapo kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mtu mzima.

Bibi alitema damu. Akanigeukia mimi, mdomo umemvimba. "Fukuza mbuzi wale," alisema. "Wanakula vya watu."

Malori yalipopita tena, alionja kwa magego. Babu hakumpiga tena, wala jambo lile halikutajwa nyumbani. Ila kuna kitu nilikiona nikiwa mdogo, nikakielewa nilipokua. Zamani Bibi alikuwa akionja ugali wa Babu na mboga yake kabla ya kumsogezea. Tangu siku ile alimwekea chakula na kuondoka bila kuonja. Babu alikula hivyo hivyo mpaka alipokufa, na viazi vilipoanikwa alikwenda mwenyewe mwambani kufukuza mbuzi, kutwa nzima, bila kuombwa.

Mimi sikutia tobolwa mdomoni tena. Hata harufu yake ilinipandisha nyongo.

Sasa Babu hayupo, na wanawake wa mwambani wengi wamezikwa. Mwamba wenyewe ulipasuliwa kokoto za barabara ya lami. Bibi anaanika juu ya bati, peke yake. Gego lake la mwisho lilitoka baada ya malori kupita mara ya mwisho.

Ndiyo maana jioni ile nilijaribu kumshawishi. "Bibi, siku hizi wana vyakula vyao vya pakiti."

"Najua."

"Basi wape tu bila kuonja."

"Nimpe mtoto wa mwenzangu mtego, niuite chakula?" Alifuta sufuria. "Usipotaka sema. Navirudisha ndani, na iwe mwisho."

"Sijasema sitaki. Nawaza."

"Unawazaga sana, mke mwenzangu. Ungekuwa kiazi ungeshaungua."

Basi usiku niliwaza. Nitatapika mbele ya wanajeshi? Bibi ataaibika na mimi? Na kumwonjea mtu anayekwenda kwenye risasi si kumwambia nenda? Halafu nikawaza kwamba wataenda tu, nionje nisionje. Kitakachobaki au kufa hapa ni kazi ya mwanamke mmoja, nayo sasa inategemea mdomo wangu. Nikawaza pia kwamba Babu alishajaribu kuimaliza kwa fimbo, na mimi karibu niimalize kwa kukaa kitandani.

Asubuhi nilibeba ungo mimi mwenyewe. Malori yalisimama. Walioshuka walikuwa vijana wa umri wangu, mmoja anafanana na niliyekaa naye darasani. "Shikamoo bibi," walisema, kisha wakamgeukia mkubwa wao kuomba ruhusa kwa macho.

"Dada akila, kuleni," alisema.

Nikachukua kipande, nikakiuma. Moshi, sukari, na ladha ya chuma kutoka kwenye bati. Nikamwona Mjomba, nikaliona lile fundo jeusi. Machozi yakanitoka.

"Dada, meza basi, tunachelewa," kijana mmoja alitania.

"Mwacheni," Bibi alisema. "Anatafuna."

Nikameza. Nikafunua mdomo, wakaona. Mikono ikanyooka kwenye ungo, na muda si mrefu malori yakaondoka juu ya lami iliyotengenezwa kwa mwamba wetu.

Tulirudi nyumbani. Sufuria ya viazi vilivyochemshwa ilikuwa jikoni, imepoa. Nikatafuta kisu, nikakaa kando ya bati, nikaanza kukata. Bibi alikuja akaketi karibu nami, akachukua kipande changu cha kwanza, akakipima kati ya vidole viwili.

"Hiki kinene," alisema. "Kitalia."